Mshale Unaelekea kwa Vipimo

Niboye, Kigali, 1992

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na mguu wako? Mimi mzima, nakula, nalala, na hasira ninazo.

Tangu nikudokeze kwamba nimegombana na bosi, unanishauri nimwombe radhi. Siombi, kaka. Sikiliza kisa chenyewe kwanza.

Bohari yetu ya dawa ina kompyuta moja, na programu yake ndiyo kazi iliyonileta huku. Kabla ya kuiandika nilichora visanduku: Oda, Akiba, Usafirishaji na Vipimo. Kisanduku kikihitaji kingine, natoa mshale kwenda kwa kile kinachohitajika. Vile vitatu vyote vinaelekeza mishale kwa Vipimo, maana hapo ndipo panaposema kama kumi ni vidonge kumi au katoni kumi.

Sasa bosi amekulia kwenye malori. Kwa watu wa bohari, mshale ni mzigo unaoondoka. Kompyuta ilipojaa, ikabidi kitu kifutwe, akautazama mchoro wangu, akaona Vipimo kinaingiziwa mishale na chenyewe hakitoi hata mmoja. Akasema, "Hii iko napokea tu, haitoi kitu. Futa." Nilimweleza mpaka koo likanikauka. Akaniambia mimi mgeni, tena mwanamke, tena mbishi. Hayo yote sikuyakataa.

Nikatengeneza nakala ya programu, nikakifuta Vipimo humo mbele yake, kisha nikachapa oda ya zahanati ya Masaka. Ikatoka: kwinini, kumi. Basi. Nikamuuliza, "Kumi ya nini, bosi?" Akajibu dereva atajua. Dereva, kaka! Yaani mtoto anachemka kwa homa, na dawa yake inategemea dereva anakumbuka nini.

Kesho anataka nitie saini kwamba mimi ndiye niliyeshauri kifutwe, la sivyo nifunge virago. Sitii. Ufunguo wa ofisi ni wake, anaweza kunitoa saa yoyote. Jina ni langu, na halitakaa chini ya karatasi ile.

Nisalimie wifi, shangazi yule muuza dagaa, na mjomba wetu fundi cherehani. Mama mwambie asilie akiniona nimerudi na begi. Alie siku atakayosikia nimesaini.

Mdogo wako, mbishi vilevile,
Zainabu