Modestus Amejulia Kanisani

Semeni shoga yangu, nimeharibu. Modestus amejua, na amejulia kanisani, mbele ya watu wote, hadi wageni wa kutoka Ruangwa.

Mchungaji ameniita mbele ghafla tu. "Mwalimu Bibie, njoo utushuhudie Mungu alivyokuponya saratani." Watu wakapiga makofi. Na yale majibu ya vipimo niliyoyachukua hospitali Nachingwea Ijumaa nilikuwa sijamwambia mtu zaidi yako. Hata Modestus, mume wangu.

Nikashika maiki. Nilitaka niseme Bwana asifiwe nirudi kukaa. Nikajisikia nasema, "Imehamia kwenye ini."

Hakuna aliyesema amina. Hakuna, Semeni!

Modestus akatoka kwenye kwaya na joho lake, akaja kusimama karibu yangu. Akaniuliza polepole, "Umejua lini?" Nikamwambia Ijumaa. Maiki ilikuwa bado inawaka, wakasikia wote. Akanishika mkono. Mchungaji akasema, "Basi tumwombee nguvu."

Nilidhani nitalia. Sijalia mpaka sasa.

Tumerudi nyumbani. Amesonga ugali mwenyewe, akapasha kisamvu, akaanza kuombea chakula. Alipofika "Baba, tunakushukuru kwa..." akakwama. Macho bado tumefumba.

Nikamalizia mimi. "Kwa kuwa tuko wawili. Na unipe nguvu ya kula. Amina."

Nimekula matonge matatu.