Mgongo wa Mlango na Hatua ya Saba

Jumatatu, 3 Novemba
Nimevuka hatua ya sita! Nyota tatu zikaruka kwenye simu, na tarumbeta juu. Mwanangu, Kifaranga, kapiga makofi na uji mkononi – ukuta umekula uji. Mimi, niliyeacha shule mapema, natengeneza programu! Mchezo wenyewe ni huu: unapewa changamoto, unaiambia akili bandia unachotaka, inaandika, unajaribu, unapata nyota. Hatua ya saba ndiyo kisiki. Mtu mwingine atumie programu yangu siku tatu, kila siku aingize kipimo kipya kwa kidole chake. Mimi simu yake nisiiguse. Mwisho Jumamosi saa kumi jioni. Atakayevuka anapata mafunzo ya mwezi mzima, bure. Nayataka mno!

Jumanne, 4 Novemba
Nimembembeleza Bi Mkasi, fundi ninayemshonea vifungo. Programu ya vipimo vya wateja. Kaniuliza daftari lake limenikosea nini. Mwishowe kakubali, akakwama mstari wa kwanza: JINA LA MTEJA. Kumbe hajui jina la mtu hata mmoja! Daftari lote ni michoro. Shingo Ndefu. Bega Moja Chini. Mgongo wa Mlango – huyo ni mwalimu mkuu wa shule ya jirani! Na maandishi madogo hayaoni. Miwani, anasema, ni ya wazee.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeiambia akili bandia: toa majina, weka michoro. Akibonyeza mchoro, simu iseme vipimo kwa sauti ya Bi Mkasi mwenyewe, aliyoirekodi. Naongea huku nanyonyesha. Kifaranga kaniuma, nikapiga kelele: toa meno! Ikanijibu kwa adabu kuwa haioni meno kwenye programu, nifafanue. Nilicheka! Mama mkwe chumba cha pili: we mwanangu, unacheka na nani? Na mashine, mama. Naye: iulize kama inafua nepi.

Alhamisi, 6 Novemba
Siku ya kwanza imehesabika! Bi Mkasi anajisikiliza kama redio.

Ijumaa, 7 Novemba
Ya pili! Sasa akirekodi vipimo vya wateja anaongezea na maneno yake. Nimemwambia apunguze. Wapi.

Jumamosi, 8 Novemba
Niko kwa Bi Mkasi, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, daftari langu hili gotini. Tangu asubuhi hakuna mteja. Saa tisa na nusu kaingia mwalimu mkuu – nusura nimkumbatie. Bi Mkasi akabonyeza mchoro wake. Sauti ikajaa chumba: “Mgongo wa Mlango. Huyu hana kiuno, ana nguzo. Arobaini na nne.”

Mungu wangu. Na simu siwezi kuigusa!

Bi Mkasi, anayeongea hata na pini mdomoni – kainama kuokota pini. Mwalimu kauliza huyo Mlango ni nani. Mteja wa zamani tu, mwalimu, anasema Bi Mkasi. Wa zamani, aliyevaa miwani yangu? anauliza mwalimu, kidole kwenye mchoro.

Kisha: “Arobaini na nne! Nani? Nipime upya, sasa hivi!”

Kapimwa. Arobaini na mbili na nusu. “Umeona!” Wanacheka wote wawili, mwalimu mpaka kashika meza. Mwalimu kainyakua simu.

Saa kumi kasoro dakika nne. Kidole cha mwalimu hakihesabiki! Bi Mkasi anamwambia nipe, mama, niingize hiyo mbili na nusu. Ngoja, anasema mwalimu, na wewe nikuchore kwanza.

Anachora. Taratibu. Imebaki dakika moja, na sasa anatia mkasi kwenye mchoro –