Adabu ya Yustina

Jumatatu, 2 Juni
Baridi ya Izia inauma. Nimeamka, uji wa ulezi umeshaiva, uwanja umefagiliwa. Yustina tena. Miaka saba tu! Tangu tumzike dada yangu kule Kaoze mwanawe yuko kwangu, na sijamwona akilia. Kazi na adabu. Wanangu wangejifunza kwake, wavivu wale.

Alhamisi, 5 Juni
Mchi umepotea. Nimeupata chini ya godoro la Yustina. Yule baba muuza mkaa alikuwa amepiga hodi asubuhi. Namuuliza, anapiga magoti: "Nisamehe, mama mdogo." Nimemfokea.

Jumapili, 8 Juni
Jumuiya imesali kwangu. Wamemsifu Yustina anavyosalimia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wakasema. Nikavimba kichwa. Katekista alipobisha, mtoto akachomoka mbio jikoni. Mchi tena, safari hii nyuma ya gunia la mahindi. Wakija wanawake haugusi. Sijapenda.

Jumatano, 11 Juni
Shemeji, baba yake, amepiga simu. Jumamosi anakuja kumchukua, akasaidie kuvuna ulezi. Nimekubali. Mtoto ni wake. Yustina alikuwa anasikia.

Alhamisi, 12 Juni
Amekojoa kitandani. Shuka ameifua mwenyewe kabla sijaamka, na baridi hii.

Jumamosi, 14 Juni
Amekuja. Yustina akapiga magoti, "Shikamoo, baba," sauti nzuri kabisa, huku mkojo ukimchuruzika. Hakuinuka. Shemeji akacheka.

Kumbe adabu yote ile ni woga. Walituambia dada aliteleza mtoni na ndoo ya maji. Nilimwosha mimi, kisogo kilichobonyea nilikishika kwa mikono yangu, nikaamini.

Nimemwambia shemeji mtoto haendi. Ametukana, ameondoka. Namchukia. Najichukia.

Jumatatu, 16 Juni
Ustawi wa jamii, kisha polisi. Dada wa ustawi aliketi chini na Yustina, akaniomba nitoke. Walikaa sana. Alipofungua mlango macho yake yalikuwa mekundu.

Yustina alikuwepo siku mama yake alipokufa. Aliona baba yake akiushika mchi. Aliona yote.

Nimelia njia nzima. Yeye alinishika mkono tu.

Jumapili, 29 Juni
Shemeji yuko rumande. Dada hatarudi.

Mchana nimemtuma Yustina chumvi dukani. "Sitaki." Nikadhani sikusikia. "Sitaki!" Akajitupa chini, akalia, kelele mpaka jirani akachungulia. Sikumnyamazisha. Nilimpakata hadi akasinzia, na mboga tumeila bila chumvi.