Tezi ya Kaka Yako

Chawia, Jumapili

Shemeji Solomon,

Huku mvua imenyesha na mahindi yameanza kubeba. Asiye sawa ni kaka yako Mwandawiro. Alikuwa akisumbuka kukojoa, akasema ni uzee, nami nikamwamini. Huko Voi daktari alituonyesha tezi dume yake kwenye skrini ya ultrasound: imevimba, na pembeni ina doa jeusi lililovuka ukingo. Vipimo vilithibitisha ni saratani, nayo imeshaingia mifupani.

“Na ningekuja mapema?” aliuliza.

“Tungeitibu,” daktari akajibu.

Amenikataza kukuambia, eti ni aibu. Lakini ninyi ni wa tumbo moja, na ugonjwa huu hufuata ndugu. Nenda ukapimwe, shemeji. Yeye pia alisema haumwi.

Ni mimi shemeji yako,
Mbeyu