Kisima cha Mama Yako

Kitongoji cha Mbugani,
Itigi, Singida.
14 Agosti 2023

Mpendwa mwanangu Peniel,

Marahaba, salamu zako Belinda amenifikishia. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko ugenini? Sisi tu wazima, ila mahindi yamekauka kabla ya kubeba.

Kwenye simu tulikuambia mama yako kaondoka kwa taifodi. Ni kweli, lakini hatukukueleza yote.

Mwezi wa nne walikuja wataalamu kupima mionzi. Walipima chumvi, maziwa, unga na udongo. Penye kisima cha mama yako kile chombo chao kikalia kwa kasi. Kijana wao, Chediel, akatueleza kwamba ni mwamba wa huku tu, kiasi ni kidogo, hata ukuta wa kanisa unalia. Akachukua maji kwenye chupa, akasema majibu yatakuja.

Hatukuyangoja. Watu waliacha kumsalimia mama yako kwa mkono. Bombani wakamfukuza, eti ndoo yake ina sumu. Siku ya tatu tukaenda kukifukia kisima. Belinda wangu alikuwa mjamzito, nami niliogopa. Jiwe la kwanza nililitupa mimi, mdogo wake wa tumbo moja.

Mama yako alisimama mlangoni, akaniambia taratibu, "Dorkas, maji hayo uliyanywa ukiwa na Belinda tumboni."

Nikaokota jiwe la pili.

Akawa anateka kwenye lambo la ng'ombe. Homa ilipomshika, nilimwekea uji kizingitini nikaondoka. Alikuwa akiniita kwa Kinyaturu, kama tulivyoitana utotoni. Sikuingia. Siku ya tano uji niliukuta haujaguswa.

Tulikuwa tumemzika siku tisa majibu yalipoletwa. Mwenyekiti Calist aliyasoma mkutanoni: maji ya kisima kile ni salama kunywa, ya lambo ndiyo machafu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Jumatatu yake wakakifukua, na sasa kitongoji kizima kinateka hapo. Nami nateka.

Mchungaji Nathan anakusalimu, na shangazi yako Raheli pia. Belinda amejifungua salama mtoto wa kike.

Mungu akutunze, akupe riziki na majirani wema kuliko sisi. Siombi unisamehe. Ukija, ufunguo wa nyumba ya mama yako uko kwa Mchungaji. Si lazima upitie kwangu.

Ni mimi nikupendaye, ijapokuwa sistahili kuliandika neno hilo,

Mama yako mdogo,
Dorkas