Dua Aliyoombewa Kaka

Jumanne, Malindi

Na dua nayo kapewa kaka Athumani, aliyeko Nairobi!

Maji yetu ya kisima yana chumvi. Kichwa cha shawa kilikuwa kimeziba hata mama hapati ila matone. Leo nimekifungua mwenyewe, nikakiroweka kwenye siki, nikazibua kila tundu kwa sindano mpaka vidole vikaniwasha. Kisha nikamketisha mama kitini, nikamwosha. Maji yakamshukia kama mvua, akacheka.

"Mola amjaalie kheri mwanangu Athumani," akasema. "Jana kwenye simu aliniambia nitaoga vizuri."

"Mama, nimetengeneza mimi."

"Najua. Wewe si uko hapa hapa?"

Nikamfuta maji mgongoni. Naogopa iko siku nitamchukia mama, na ninaye huyu mmoja tu.