Vipande vya 404 ya Baba

Jumatatu, 6 Machi 2000

Nimetoka shuleni, nimevua viatu, nimesugua mlango wa kushoto wa gari tena. Kutu imebaki kwenye bawaba tu. Kuku wamerudi kulala ndani. Nimewafukuza. Wamerudi.

Gari hili limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Butembo tangu mwisho wa 96. Wakati ule wanajeshi waliokuwa wakikimbia walichukua kila kitu chenye magurudumu. Baba hakungoja. Kwa siku mbili alilifungua gari, 404 yake, akagawa vipande kwa watu aliowaamini: magurudumu Kyavinyonge, demareri, mota ya kuwashia injini, Bungulu kwa dada yake, delco Kayna kwa rafiki yake. Wanajeshi walikuta bodi juu ya mawe, wakacheka, wakaenda. Baba akaugua, akafa, hakuwahi kuvikusanya.

Jana kikao cha familia. Baba mdogo Katembo anataka kuliuza kama chuma chakavu. Nikasema ni langu, mimi ndiye mtoto wa kwanza. Akacheka: "Mwalimu wa primaire na gari? Lakini Masika, utaiendesha na chaki?" Kelele nyingi. Mwisho wamekubaliana hivi: likitembea kwa injini yake kabla ya ibada ya Pasaka, ni langu na karatasi zake. Lisipotembea, nyundo.

Wiki saba. Watu wanadhani nataka kumkumbuka Baba. Namkumbuka bila gari. Mimi nina miaka ishirini na sita, nimechoka kukaa juu ya magunia ya watu. Nataka gari.

Jumamosi, 11 Machi

Nimefika Beni juu ya lori la mbao. Shangazi Biira alifungua sanduku lake kule mtaani Bungulu kama anafungua mahari. Demareri imefungwa ndani ya flaneli ya mtoto, imepakwa mawese. "Hapana hata kutu moja. Angalia muzuri!" Ameipaka kila mwezi, miaka yote hii. Hakuna kiungo cha mwili wangu kilichotunzwa hivyo.

Barriere tano, vizuizi vya askari, wakati wa kurudi. Kila moja wanafungua furushi. Nimesema ni kinu cha kahawa. Mmoja alinusa akasema kahawa yangu ni mbaya. Nimecheka nilipofika nyumbani, si kabla.

Jumapili, 19 Machi

Jana nilishuka Kyavinyonge. Magurudumu mawili yalikuwa stoo. Mawili yalikuwa chini ya mkokoteni wa Mama Kavira, ambaye Baba alimwachia; ndio anaopandishia tilapia kutoka ziwani. Aliniambia kwa upole kwamba magurudumu haya yamelisha watoto wake. Hakukataa. Alianza yeye mwenyewe kufungua.

Nimeona haya. Nimeyachukua hata hivyo. Kanisani leo nimenuka samaki, na mama wawili wamehama benchi.

Jumatano, 22 Machi

Fundi Kakule amekuja. Ni Mkatoliki, anakataa kufanya kazi bila kupiga ishara ya msalaba juu ya injini. Amefunga kabureta, amefunga demareri. Injini inazunguka. Mama alitoka jikoni aliposikia, akarudi.

Bado delco tu. Nilidhani ni kidude. Kakule amenieleza: ndiyo inayogawia kila buji, kila plagi, moto wake kwa zamu. Bila delco, gari hili ni kabati.

Jumapili, 26 Machi, Kayna

Siku mbili njiani. Niandike hili kabla hasira haijaniharibia mwandiko.

Papa Kasereka ni shemasi, rafiki wa Baba tangu shule. Amenipokea vizuri sana. Viazi, maharage, sala ndefu. Anayo delco. Amenionyesha, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, imekauka safi. Kisha akafunga mkebe.

Alimwapia Baba kwamba hatampa mtu delco hii mpaka vita iishe.

Nikamwambia ile vita iliisha 97. Hii ni nyingine. Akaniuliza: "Kwako ilikwisha siku gani?" Nikatafuta siku. Sikuipata. Akasema: "Siku vita itakwisha, njoo, hata asubui na mapema. Mimi niko hapa."

Mtu mwema akikukatalia huna hata mahali pa kumshika. Ningependa awe mwizi.

Jumanne, 4 Aprili

Baba mdogo ameleta mnunuzi wa chuma kutoka Kasindi. Yule bwana alipiga gurudumu teke. Nikamwambia aondoe mguu wake kwenye gari langu. Baba mdogo akasema, "Gari yako? Tutaona Pasaka." Nimewaonyesha njia ya kutokea. 

Jumamosi, 8 Aprili

Kakule alipata delco ya gari lingine. Tumeifunga. Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moto kupitia kabureta, ikala nyusi za Kakule zote mbili. Anasema haioani, tungoje ile ya gari lenyewe. Hakukasirika. Mimi ndiye niliyelia, tena mbele ya majirani.

Jumatatu, 10 Aprili

Redio inasema tena kuhusu karatasi za amani zilizosainiwa na wakubwa. Nimeamua kusema uongo. Nitamwambia Papa Kasereka vita imeisha, wamesaini. Nimejizoeza mbele ya kioo: "Papa, vita imekwisha." Uso wangu unakubali. Mama alipita akanisikia. Akaenda kumenya maharage.

Ijumaa, 14 Aprili

Shule zimefungwa. Madereva wanasema risasi zimelia upande wa Kayna na watu wametoka majumbani. Hakuna anayejua nani anatawala kule wiki hii. Mama amesema nisiende. Nimemheshimu Mama maisha yangu yote. Naenda kesho.

Jumanne, 18 Aprili

Niko Lubero, njia ya kurudi. Mikono ina udongo, lakini naandika.

Jana nilikuta nyumba ya Papa Kasereka wazi. Mlango umeng'olewa, sufuria hakuna, hata mabati nusu hakuna. Jirani aliniambia nipande mashambani. Nimewakuta juu, familia kama kumi kati ya migomba na maharage, wamelala chini ya turubai. Papa Kasereka alikuwa amekaa kwenye jiwe na koti lake la kanisa. Mzee huyu aliacha mbuzi. Aliacha magodoro. Alitoka na Biblia, blanketi moja, na ule mkebe.

Nilifungua mdomo kusema uongo wangu. Risasi ikalia ng'ambo ya bonde, moja tu, mbali. Wote tuliinama. Tuliponyanyuka nilijiona mjinga kabisa.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilikuja kumdanganya. Kwamba vita haijaisha na sijui kama itaisha. Kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili ilipoanza, kila kitu changu kinangoja, na mimi nataka kuendesha gari sasa hivi, na vita ikiwa hapa hapa.

Akasema Baba mdogo alishakuja mara mbili kumwambia imeisha, apewe delco. Sikujua. Mara ya pili alikuja na barua yenye muhuri.

Kisha aliinamisha kichwa, nikadhani anasali. Akasema, bila kuniangalia:

"Baba yako hakusema vile tu. Alisema: mpaka vita iishe, ni kusema, mpaka Noeli."

Noeli ya 96. Baba alifikiri ni wiki chache.

Aliniambia hakutaka mtu ajue. Hakutaka batu bacheke rafiki yake, kwamba mwanaume mwenye akili vile alihesabu vibaya vile. Kwa hiyo amekata nusu ya maneno na amebaki na nusu. Akaniwekea mkebe kwenye mapaja.

Nililia, na sikuona haya. Nilimhurumia Baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilikuwa nikimwona mjanja. Kumbe alikuwa mtu anayengoja Noeli.

Nimemwambia Papa Kasereka anakuja nami Butembo. Hakuwa na mlango wa kufunga, akaja.

Jumamosi, 22 Aprili

Saa tisa alasiri. Kakule amepiga msalaba. Nimegeuza ufunguo mimi mwenyewe. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Kakule akageuza delco kidogo tu, kama mtu anayefungulia redio. Ya tatu ikawaka.

Moshi mweusi, kuku kila upande, Mama amekaa chini kwenye ngazi na kushika kichwa. Nimelisogeza mpaka mwembe wa jirani na kurudi. Nimegonga ndoo. Kakule anasema ndoo si kitu.

Jumapili, 23 Aprili

Saa mbili asubuhi Baba mdogo alifika na suti yake na mnunuzi wake. Niliwasha wakiwa bado mlangoni. Nikatoka na gari barabarani, nikazima katikati, nikawasha tena, nikarudi. Jasho mgongo mzima.

Baba mdogo alitoa karatasi za gari mfukoni. Alikuwa amekuja nazo. Nadhani alikuja kumpa yule bwana. Amenipa mimi. Sikumwambia habari ya barua yenye muhuri. Nilikuwa na maneno mengi makali, nimeyameza. Kisha akauliza kama kuna nafasi mpaka kanisani, kwa sababu ya viatu vyake, matope ni mengi. Nimempa kiti cha nyuma, kule kwa kuku.

Kakule amenifundisha jambo moja la mwisho: kila ninaposimama, nifungue kifuniko cha delco, nitoe kile kidole cha katikati kinachozunguka, nikitie mfukoni. Mwanajeshi akilitaka gari, hataliwasha. Nimekitia ndani ya pochi ya shule.

Jumatano, 26 Aprili

Nimeamka mapema. Nimeweka maji kwenye radieta, chupa mbili za petroli. Papa Kasereka ameomba kuja. Amevaa lile koti.

Njia ya Beni, kwa Shangazi Biira. Ukungu kidogo, wanawake na mizigo ya mihogo, watoto wanapunga mkono. Barriere ya kwanza, askari aliuliza gari ni la nani. Nimesema ni langu. Akatazama karatasi, akamtazama mzee, akaona ni langu kweli, akashusha kamba.

Baada ya kilima tumesikia risasi. Mbali, upande wa msitu. Mzee aligeuza kichwa.

"Ile ni vita?"

Nimesema ndiyo.

Akaitikia, akaweka mikono juu ya magoti. Barabara mbele ilikuwa tupu na kavu. Nimeingiza gia ya tatu.